Nani Kasema Mabatini Hatuli Mnofu?

Waandishi wenzangu, leo salamu zangu ni fupi. Nimekuja na sufuria mkononi, na sufuria yenyewe imetoka motoni sasa hivi. Atakayeungua asinilaumu, hodi nimeshapiga.

Mkasa ni huu. Huu ni mwaka wa pili naandika riwaya. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na kidato cha tano nikakisikia kwa wenzangu. Mchana nipo na mama gengeni, usiku nipo na kaunta buku. Zimejaa tatu, ya nne naianza. Sura ya tano ya riwaya hiyo ina chakula cha usiku. Mama mjane wa hapa Mabatini anampikia mwanawe wa kiume, ambaye alfajiri inayofuata anapanda basi la Dar es Salaam kwenda kutafuta maisha. Anampikia nini? Anampikia mnofu wa sangara, mweupe pe, katika rojo zito la malai. Ndivyo nilivyoandika, kurasa sita, kuanzia kuwasha mkaa hadi kuosha sahani.

Basi nikaibeba sura yangu hadi kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Tunakutana Jumamosi, kila mtu anasoma chake, wengine wanakosoa. Nikasoma. Nilipomaliza pakawa kimya, kisha kaka mmoja, msomi kunizidi, mtu ninayemheshimu, akakohoa.

"Dada," akasema, "kalamu unayo. Ila hii sura ifute."

"Kwa nini, kaka?"

"Kwanza, Mabatini hamli mnofu, mnakula mapanki. Pili, samaki kwa malai ni mambo ya kizungu, hayo umeyaona kwenye televisheni. Tatu, upishi si hadithi. Mtu anakoroga sufuria kurasa sita, hadithi iko wapi?" Akatulia, halafu akamalizia: "Wewe unatoka Mabatini. Wape watu Mabatini."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hilo la mimi kucheka ndilo linaloniuma mpaka leo. Kikaoni nilikosa maneno. Sasa ninayo, na nitajibu moja baada ya jingine, kama alivyoyapanga mwenyewe.

La kwanza: eti hatuli mnofu.

Tuanze na samaki mwenyewe, maana wengi tunamtaja bila kumjua. Wazee wetu hawakuzaliwa na sangara. Ziwa lao lilikuwa la sato, ningu, kambare, kamongo, gogogo na furu wa kila rangi. Sangara aliletwa. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya muda mrefu, na ilipofika miaka ya 1980 akalijaza ziwa zima. Furu aliwala mpaka wataalamu wakataja kiasi cha aina 200 zilizopotea. Samaki mmoja anaweza kupita kilo mia. Nyavu za mzee aliyezoea furu zingemshika wapi dubwana kama hilo?

Halafu vikaja viwanda. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota Mwanza kama uyoga. Kisu kinapita kushoto, kinapita kulia, mnofu unaingia kwenye barafu na safari ya Ulaya inaanza. Kilichobaki mezani, kichwa na uti wa mgongo na mkia, ndiyo mapanki. Inasemekana jina limetokana na ule mtindo wa kunyoa panki, kwa jinsi miiba ya mgongo inavyosimama. Wakenya wao wanaita mgongo wazi. Na huo mnofu uliokwenda, Ujerumani wanauuza kwa jina la Viktoriabarsch, yaani sangara wa Victoria. Sikilizeni vizuri hapo. Kule wameupa jina la ziwa letu na wanaupika kwa malai bila kuulizwa na mtu. Huku mtu wa ziwani akiupika, anaambiwa aifute hiyo sura!

Nitakubali lililo kweli. Mapanki tumeyala. Mimi nimeyala, yaliyokaangwa na yaliyochemshwa, na supu yake nisiitukane maana ilinikuza. Mnofu ni ghali. Kilo moja ya mnofu mzuri inameza faida ya genge letu ya siku mbili, na siku mbovu inameza ya tatu. Sijaandika kwamba Mabatini tunakula mnofu kila jioni. Nimeandika kwamba mama mmoja aliupika usiku mmoja, na nimeeleza alivyozipata hela: alivyopunguza sukari, alivyomkwepa mwenye mkopo, alivyoomba auziwe kipande cha kati badala ya cha mkiani. Kama kaka yangu angesikiliza kurasa mbili za kwanza badala ya kusubiri neno "malai" acheke, angelisikia hilo.

Isitoshe, hakuna tumbo la mapanki na tumbo la mnofu. Kuna bei tu. Kati ya 1997 na 1999 nchi za Ulaya zilifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja. Leo wakisema vimelea, kesho kipindupindu, kesho kutwa sumu ya kuvulia. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama anasimulia kwamba milango ile ilipofungwa, mnofu ulionekana mitaani kwetu kwa bei ya watu. Je, Mabatini ilisema, "Hapana, asante, sisi ni wa mapanki"? Thubutu! Watu walikula. Walikaanga, waliunga kwa karanga, walikausha. Mlango wa Ulaya ulipofunguliwa tena, mnofu ukapanda, nasi tukarudi kwenye uti wa mgongo. Kilichobadilika ni bei. Midomo ilikuwa ileile.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza. Ilizunguka dunia, na mwaka 2006 ikafika kushindania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani, na nchi nzima ikawa inabishana habari za mapanki: ni chakula cha watu au cha kuku? Yanatia aibu au hayatii? Huyu anasema mtengeneza filamu katudhalilisha, yule anasema kasema kweli. Mimi sikuja kuamua kesi hiyo ya wakubwa. Nachosema ni kwamba kelele zote zile, za upande huu na za upande ule, zilihusu mabaki. Hakuna aliyeingia jikoni kwa mama yeyote akauliza: wewe ukipata samaki mzima, unampikaje?

Tangu hapo ikawa kama sheria. Ukiandika Mwanza, weka mapanki. Weka na nzi. Weka mtoto asiye na viatu anayenusa gundi. Ukiweka hivyo unaambiwa umeandika "uhalisia". Ukimweka mama aliyesimama jikoni anajua anachokifanya, unaambiwa umeota. Ndiyo maana nasema, mnofu tumenyang'anywa mara mbili. Mara ya kwanza ulikwenda kwa ndege. Mara ya pili umekwenda kwa kalamu, na safari hii aliyeshika kalamu si mzungu. Ni sisi, tena tunacheka.

La pili: eti malai ni uzungu.

Hapa nilitaka kucheka kwa sauti, ila heshima ikanizuia. Kaka yangu, uko Usukumani! Umezungukwa na ng'ombe kuliko magari. Mlisha ng'ombe wa Usukuma alianza lini kwenda Ulaya kujifunza maziwa? Bibi yangu wa Magu, mzaa mama, hakuwahi kuona televisheni mpaka uzee. Kambare mkavu alimuunga kwa maziwa. Nsansa aliziunga kwa karanga, na karanga zikikosekana aliengua malai juu ya chungu akamalizia nayo. Hakuliita jina la kigeni. Alisema tu "nimeunga".

Na hilo neno "kuunga" naomba mlitazame, ninyi mnaopenda maneno. Kila pwani na kila ziwa lina cha kuungia. Wa Tanga na Unguja wanaunga samaki kwa tui la nazi, mchuzi unakuwa mweupe na mzito, hakuna anayewaambia wanaiga. Wa Kigoma wanaunga migebuka kwa mawese. Sisi wa huku nazi hatuna. Ile tunayoiona sokoni imesafiri kutoka pwani na imechoka kuliko abiria. Tulicho nacho ni karanga na maziwa. Samaki katoka ziwani, malai yametoka kwa ng'ombe wa pande za Kisesa, yameletwa kwa baiskeli asubuhi. Hapo uzungu umeingilia mlango upi?

Najua jibu lake. Atasema: "Lakini wazungu nao wanapika hivyo." Wapike! Wazungu nao wanakunywa maji. Tukiacha kila kitu ambacho mzungu naye anakifanya, tutabaki na nini cha kuandika? Huo nao ni utumwa, kaka, ila umevaa kanzu ya uzalendo. Anayemuiga mzungu anamtazama mzungu, na anayemkimbia mzungu anamtazama mzungu vilevile. Mama yangu akiwa jikoni anatazama sufuria.

La tatu: eti upishi si hadithi.

Hili ndilo kubwa, kwa kuwa si la Mabatini peke yake, ni la kazi yetu sote. Mkinivumilia nitapika hapahapa mbele yenu, kisha mniambie kama hapana hadithi.

Mama hununua kipande cha kati, kinene kama kiganja, ngozi imechunwa. Anakikata mapande manne, anatia chumvi, anakamulia limau na kuacha kidogo ili shombo itoke. Halafu analiosha lile limau. Analiosha mara tatu. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu limau likibaki kwenye samaki, maziwa yatakapofika yatakatika. Utapata maji huku na mabonge kule, na hela ya siku mbili imekwenda na maji. Mwenye hela haoshi mara tatu. Kikiharibika anapika kingine. Kwa hiyo hapo tu, kwenye kuosha, msomaji amejua mama huyu ana nafasi moja. Sijaandika neno "umaskini" hata mara moja.

Baada ya kuosha anafuta kila kipande kwa kitambaa kikavu, maana samaki mwenye maji anarusha mafuta na anashika chini. Anakaanga haraka, upande mmoja, upande wa pili, rangi ikiwa ya dhahabu anatoa na kuweka pembeni. Ndani anaacha pabichi kidogo makusudi. Sangara akiiva mara mbili anamung'unyika, unabaki na uji.

Malai alishayaandaa. Yeye ni muuza chai ya maziwa. Jioni ya jana kachemsha maziwa polepole, kayaacha yapoe bila kuyatikisa, kafunika kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi, na asubuhi kaengua kwa kijiko. Maziwa lita mbili hutoa malai ya kikombe kimoja cha chai, tena hakifiki juu. "Leo wateja watakunywa chai nyepesi," anasema. Wateja wanakunywa na hakuna anayeuliza, ila mmoja anatazama kikombe kwa muda mrefu. Mnaona? Genge zima limechangia sufuria hiyo bila kujua.

Sasa kitunguu. Anakikata chembamba, anakilainisha kwenye mafuta yaleyale, hakiachi kibadilike rangi. Kitunguu saumu punje mbili. Nyanya haweki, maana nyanya nayo ina ukali wa kukata maziwa. Bizari haweki, maana anataka mchuzi ubaki mweupe. Anatia maziwa kikombe, kijiko kimoja cha unga wa ngano kilichokorogwa kwa maziwa baridi, anakoroga mpaka uzito uanze. Hapo anatoa makaa mawili matatu kwa kibanio. Moto unapungua. Ndipo malai yanaingia, yameshapondwapondwa na kijiko mpaka yamelainika. Pilipili manga, chumvi, basi. Vipande vinarudi taratibu, na kuanzia hapo mwiko haugusi tena. Anashika sufuria kwa matambara mawili na kuizungusha, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Na wakati anazungusha, yule kijana yuko mlangoni anafunga begi kwa kamba kwa kuwa zipu imekufa. Hawasemeshani. Angesema nini? "Usiende"? Hawezi, yeye ndiye aliyeuza cherehani kupata nauli. "Nenda salama"? Ni mapema mno. Basi anazungusha sufuria. Kijana anasikia harufu, mkono unasimama kwenye kamba. Hajawahi kuisikia harufu hiyo tangu msiba wa baba. Anaelewa kuwa mama anaamini hatarudi karibuni.

Hiyo ndiyo sura ya tano, ndugu zangu. Hakuna anayelia. Wanakula kwa ugali, wanamega, wanachovya, mama anamsogezea kipande kikubwa, yeye anakirudisha, mama anakisogeza tena. Kaka yangu akauliza hadithi iko wapi. Hadithi ilikuwa inarudi na kwenda kwenye sahani ile, mbele ya macho yake.

Wala sikuvumbua mimi uandishi huu. Vukeni maji hapo mwende Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 ile kazi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akiiandika kwa Kikerewe. Kiswahili chake alikitafsiri mwenyewe na kitabu kikachapishwa 1980. Yeye akafariki 1981, miaka 36 tangu aweke kalamu chini. Mle ndani watu wanalima, wanapika, wanakula, wanakaribishana, hatua kwa hatua, bila haraka. Hakuna aliyemwambia afute, au labda waliomwambia hakuwasikiliza. Leo atakayetaka kujua mtu wa visiwani aliishije kabla ya haya mambo yote, anakwenda kwa Kitereza. Miaka 80 kuanzia leo atakayetaka kujua Mabatini ilikulaje usiku wa kuagana, aende kwa nani? Aende kwa nzi wetu na gundi yetu?

Sasa niwageukie na wale wa upande wa pili, msije mkadhani nawatetea. Wapo wenzetu ambao wao mnofu wanauandika sana. Shujaa wao anaingia hotelini, anavua miwani, anaagiza "samaki mweupe kwa krimu" na divai, mrembo anacheka, sura imekwisha. Ukimuuliza mwandishi huyo krimu inatoka wapi, hajui. Ukimuuliza samaki gani, anasema "samaki". Jikoni hakuna mtu. Chakula kimeshuka kutoka mbinguni pamoja na sahani. Hawa nao wametunyang'anya, maana wanaamini samaki huyo hawezi kupikwa mahali ambapo mvua ikinyesha watu wanapaza sauti kushindana na bati. Mmoja anasema mnofu si wetu, mwingine anasema mnofu ni wa hoteli. Mabishano yao yote ni ya bure, kwa sababu wanakubaliana.

Nawauliza ninyi nyote wa pande mbili: lini mara ya mwisho mlikaa jikoni kwenu mkatazama? Simaanishi kula. Kutazama. Mnajua mama zenu wanapimaje chumvi? Mnajua wanatumia tambara gani kushikia sufuria, na tambara hilo lilikuwa nguo ya nani? Tunakesha kubishana kama fasihi yetu imekufa, na mashahidi wa uhai wake wako nyuma ya pazia wanapuliza moto.

Nina moja ambalo kikaoni sikulisema. Sura ile sikuitunga yote. Kaka yangu wa tumbo moja aliondoka hapa Mabatini alfajiri ya mwaka juzi, na usiku wake mama alipika hivyohivyo nilivyoeleza. Mimi ndiye niliyeshika kibatari umeme ulipokatika. Mimi ndiye niliyeona anaosha limau mara ya tatu. Kaka hajarudi. Anapiga simu, na kila akipiga anauliza habari za ule mchuzi mweupe, kama vile nao ni ndugu. Kwa hiyo watu walipocheka kikaoni walimcheka mama yangu, na mimi nikacheka pamoja nao. Mtu akikuambia andika ukweli wa kwenu, halafu ukiuandika anakwambia kwenu hakuko hivyo, muulize: wewe kwetu ulikuja lini?

Jumamosi ileile usiku niliporudi nilimsomea mama sura yote. Alikuwa anachambua mchele, hakunitazama. Nilisoma hadi mwisho. Nikangoja.

"Mwanangu," akasema, "ni nzuri. Lakini umeandika anafunika sufuria."

"Wapi, mama?"

"Hapo malai yalipoingia. Nani anafunika maziwa? Yatafura yamwagike, yazime mkaa, na huyo mtoto alale njaa. Toa hicho kifuniko."

Basi! Huo ndio uhakiki nilioutafuta miaka miwili. Hakuuliza kama ni uzungu. Hakuuliza kama Mabatini tunaruhusiwa. Aliingia ndani ya sura, akasimama mbele ya sufuria, akaona kosa lililokuwamo kweli, akalitaja. Nitamsikiliza mhakiki wa namna hiyo hata anifutie nusu ya kitabu.

Ninachowaomba si kikubwa. Ukitaka kumkosoa mwenzako, kwanza jua anachokiandika. Kama ni samaki, jua samaki. Ukiona mtu wa mtaa fulani anafanya jambo usilolitegemea, usikimbilie kusema hawezekani. Inawezekana wewe ndiye hujafika. Na wewe unayeandika huku unaogopa, unayefuta wali ukaweka ugali ili uonekane mkweli, unayemvua mama yako viatu ili hadithi ipendwe, acha. Mrudishie viatu vyake.

Sura ya tano haifutwi. Nimetoa kifuniko tu. Mwenye jibu alete. Jumamosi nipo, na safari hii sitacheka.